Siku Hondohondo Alipopita Bila Kushuka

Paukwa!

Pakawa!

Walio mlangoni sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Wadogo kaeni mbele. Wakubwa msijifanye mmelala, maana hii ni ya kwenu wote.

Hapo zamani za kale palikuwa na bonde, jina lake Mkolea. Katika bonde hilo waliishi wanyama wanne wapiga ngoma. Hawakuwa ndugu. Hawakula chakula kimoja wala hawakulala mahali pamoja. Ngoma tu ndiyo iliyowakutanisha.

Wa kwanza alikuwa Hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa. Yeye alipuliza zumari, na yeye ndiye aliyeanzisha kila wimbo. Pwii, pwii. Wa pili alikuwa Nungunungu, mama wa watoto wawili. Nungunungu hakuhitaji kayamba. Alitikisa miiba yake, kacha-kacha, kacha-kacha, na watu wakacheza. Wa tatu alikuwa Pimbi, anayekaa majabalini. Mwili wake mdogo, lakini sauti yake ilivuka bonde zima. Huyo ndiye mwimbaji wao. Wa nne alikuwa Kobe. Kobe alipiga gogo lenye uwazi ndani, kwa miguu yake ya mbele. Du, du, du, dum. Mapigo manne. Hayakuzidi, hayakupungua. Kobe akiwepo, hata asiyejua kucheza alionekana anajua.

Kobe hakuwa msemaji. Ukimwuliza habari, atakwambia nzuri. Akiwa na njaa, nzuri. Akiwa na homa, nzuri. Wenzake walimzoea hivyo. Tena alikuwa na gamba mgongoni. Mwenye gamba kama lile, nani atamwuliza mara mbili?

Basi, mwaka mmoja mvua haikuja. Nyasi zikawa njano. Zikawa nyeupe. Zikawa zinavunjika ukizikanyaga. Asubuhi moja wingu likatokea juu ya kilima. Wanyama wakatoka kulitazama, wengine wakafungua vinywa kabisa. Wingu likapiga radi moja, paa, juu ya mti mkavu. Kisha likaenda zake. Hata tone halikuanguka.

Mti ukawaka. Nyasi zikawaka. Upepo ukaja kutoka nyuma, vuuu, vuuu, na moto ukaanza kushuka bondeni.

Moto wa nyikani si moto wa jikoni, wanangu. Unanguruma. Unaruka. Unakutangulia huko unakokimbilia. Swala walipita mbio. Ngiri walipita mbio. Nyoka na panya walipita pamoja, na nyoka hakumtazama panya. Wote walielekea mtoni, kwa sababu ng'ambo ya mto palikuwa na mchanga mtupu, na moto hauli mchanga.

Hondohondo alikuwa na mabawa. Aliruka, akavuka mto, akatua mchangani. Ndege wenzake wakamwambia wasikae hapo, waende mbali, milima ya upande wa pili ina miti. Akawaambia watangulie. Akapita katikati ya wanyama waliokimbilia pale, akatazama huku, akatazama kule. Nungunungu hayupo. Pimbi hayupo. Kobe hayupo.

Akageuka, akarudi motoni.

Moshi ulikuwa mzito. Alikuwa haoni hata ncha ya mdomo wake mwenyewe. Akafikiri kwamba macho hayatamsaidia, labda masikio. Akapuliza mwanzo wa wimbo wao, ule wanaouanzia siku zote. Pwii, pwii. Alijua kwamba mwenzake yeyote akiusikia, ataitika kwa sehemu yake.

Pimbi aliitika kwanza. Hakuwa anaimba. Alikuwa akipiga ukelele juu ya majabali, akiwaita jamaa zake waliojificha kwenye nyufa za mawe. Walidhani mawe yatawakinga, kumbe moshi ulikuwa unawafuata humo humo. Hondohondo akatua kando yake. Akamwonyesha upande wa jabali usio na nyasi, ambako mtu anaweza kuteremka hadi mtoni bila kuungua. Pimbi akasema hatoki mpaka wa mwisho atoke. Akamwomba awaangalie wale wengine. Kisha akaendelea kuita, na Hondohondo akaruka.

Akaenda upande wa shimo la Nungunungu. Akapuliza. Pwii, pwii. Hakusikia kacha-kacha. Akapuliza tena.

Ndipo akasikia, chini kabisa, kwenye moshi: du. Kisha kimya. Kisha: dum.

Alikuwa Kobe. Hakuwa na gogo lake. Alikuwa amejikokota mpaka kwenye kichuguu, mahali penye udongo mtupu kidogo, na alikuwa anagonga jiwe.

Hondohondo hakutua. Alizunguka juu yake mara moja, mabawa yakipiga moshi, papapa, papapa. Akauliza:

"Bwana Kobe, uko salama?"

"Niko salama," Kobe akajibu. "Nenda kwa Nungunungu. Ana watoto."

Sasa sikilizeni hapa. Hondohondo alikuwa amepiga ngoma na Kobe miaka mingi. Mapigo ya Kobe ni manne. Siku ile yalikuja mawili. Sikio lake lilisikia. Kifua chake pia kilisikia, kikashtuka. Lakini watoto wa Nungunungu walikuwa shimoni. Na Kobe ana gamba. Na Kobe mwenyewe kasema yuko salama. Hondohondo akamwambia atarudi, akapita.

Alimkuta Nungunungu ndani ya shimo lake, amewalalia wanawe ili wasivute moshi. Nyasi mlangoni zilikuwa zimeshaungua, lakini nje hakukuonekana kitu. Mama hakujua aelekee wapi. Hondohondo akamwambia asitafute njia kwa macho, afuate zumari. Akatangulia, akiruka chini chini. Pwii. Hatua kumi. Pwii. Hatua kumi. Nungunungu akafuata, mtoto mmoja mbele yake, mmoja nyuma. Makaa yaliwaunguza nyayo. Miiba ya mgongoni ilishika moto kwenye ncha, ikanuka. Hawakusimama. Walipofika mtoni, mtoto mdogo alikuwa hapumui vizuri, na wote wakainama wakimmwagia maji, mpaka akakohoa, akalia.

Hondohondo alipoinua kichwa, jua lilikuwa limeteremka na upepo umegeuka.

Akaruka amfuate Kobe. Moto ulikuwa umerudi kwa njia nyingine, ukila yale uliyoyaacha asubuhi. Joto likamtupa nyuma. Akajaribu mara ya pili, manyoya ya bawa moja yakaungua, akaanguka majini. Nungunungu akamvuta ukingoni mwa mto na kumkataza asijaribu tena.

Kulipokucha moto ulikuwa umekwisha, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuunguza. Bonde la Mkolea lilikuwa jeusi kutoka kilimani mpaka mtoni. Pimbi akaja akitembea polepole, na jamaa zake nyuma yake. Si wote. Hondohondo akamsalimu. Pimbi akafungua kinywa, na hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Upepo tu, hhh. Moshi na ukelele wa siku nzima vilikuwa vimeila sauti yake.

Wakakaa hapo watatu. Nungunungu akawahesabu kwa macho, kisha akamwuliza Hondohondo:

"Kobe yuko wapi?"

"Yuko kwenye kichuguu. Alisema yuko salama."

"Ulimwona?"

"Nilimsikia."

"Nimekuuliza kama ulimwona."

 Nungunungu akawaacha wanawe kwa jamaa za Pimbi, akasimama. Wakaenda wote watatu, wakivuka mto, wakitembea juu ya majivu ya moto. Fyu, fyu, fyu, majivu yakiruka kila hatua. Njiani hawakukuta aliye hai.

Walimkuta Kobe hapo hapo kwenye kichuguu. Alikuwa amekufa. Gamba lilikuwa zima, limekuwa jeusi. Hondohondo akainama, akatazama chini ya gamba, mahali ambapo hakutazama jana. Miguu yote minne ilikuwa imeungua mpaka nyama. Nyayo zilikuwa zimeungua tangu asubuhi ya jana, alipokuwa anavuka nyasi zinazowaka kukimbilia mtoni. Hakuweza kukanyaga. Jiwe aliloligonga lilikuwa na damu iliyokauka. Na nyuma yake kwenye udongo palikuwa na alama ya kujiburuta. Ilianzia kwenye jiwe, ikaelekea mtoni. Urefu wake, kama mkeka mmoja tu.

Maana yake ni kwamba baada ya Hondohondo kupita, Kobe alijaribu kwenda.

Hondohondo akakaa chini kwenye majivu. Akawaambia wenzake ukweli wote. Akawaambia kwamba alisikia mapigo mawili badala ya manne. Kwamba alijua kuna jambo. Kwamba kushuka kungemchukua muda wa kupumua mara tatu, na hakushuka.

"Hata ningeshuka, nisingeweza kumbeba," akasema.

Pimbi alikuwa analia bila sauti. Nungunungu akamtazama Hondohondo. Hakuwa na hasira usoni, na hakuwa na maneno matamu.

"Wewe usingeweza kumbeba," akasema. "Lakini mimi ni mchimbaji. Tulifika mtoni mchana, na moto ulirudi jioni. Ungeniambia nyayo zake zimeungua, ningerudi nimchimbie shimo. Kobe akifunikwa na udongo hafi kwa moto."

Hondohondo akainamisha mdomo wake mpaka ukagusa majivu.

"Tena wewe ndiye uliyeniokoa mimi na wanangu," Nungunungu akaendelea, "na yeye ndiye aliyekutuma. Kwa hiyo sijui nikulaumu vipi. Sijui pia nikusamehe vipi. Tuanze na kazi."

Akaanza kuchimba. Udongo ulikuwa wa moto, na nyayo zake zilikuwa na malengelenge, lakini alichimba. Pimbi akaondoa mawe. Hondohondo akaparua kwa mdomo wake na bawa lake moja. Wakamzika Kobe, kichwa kikielekea mtoni, kule alikokuwa anakwenda. Hapakuwa na wimbo. Mwimbaji hakuwa na sauti, na aliyetakiwa kuanzisha hakuweza kupuliza.

Mvua ilikuja mwezi uliofuata. Ilichelewa, wanangu, lakini ilikuja. Majani yakachipua. Wanyama wakarudi kidogo kidogo, wakajenga, wakazaa. Wale watatu wakakaa siku nyingi bila kupiga ngoma. Walipoanza tena, ilikuwa ngoma nyingine. Waliacha nafasi pale mapigo manne yalipokuwa, na anayecheza alilazimika kusimama, mguu juu, akisubiri. Hakuna aliyeletwa kuijaza nafasi ile. Pimbi alipiga makofi tu. Sauti yake haikurudi mpaka anakufa.

Lakini Hondohondo alishika desturi moja. Kila asubuhi aliwazungukia wapiga ngoma, na si wa kwake tu, hata wale wa mabonde ya jirani. Hakuwa anaita kutoka juu. Alitua. Akamwuliza mtu habari, akamsikiliza anavyojibu nzuri, kisha akamwambia ainue mguu. Mguu huu. Na huu. Na huu. Wengine walichoka naye. Swala mmoja mpiga njuga alimwambia wazi kwamba huo ni usumbufu, mtu mzima hakaguliwi kama mtoto. Hondohondo akasema samahani, akamwomba aonyeshe na mguu wa nne.

Siku moja alifika kwa Nungunungu. Wanawe walikuwa wamekua, miiba imewaota vizuri. Hondohondo akauliza habari. Nungunungu akasema nzuri. Kisha, kabla hajaambiwa, akakaa chini, akanyoosha miguu yake yote minne mbele ya Hondohondo, nyayo zikiwa juu, zile zenye makovu. Akangoja mpaka mwenzake amezitazama zote.

"Haya," Nungunungu akasema. "Na wewe nionyeshe bawa."

Hondohondo akalifungua bawa lililoungua. Nungunungu akalitazama polepole, unyoya mmoja mmoja, mpaka mwisho.

Basi, funzo lake ni hili, na nalisema wazi ili asiwepo wa kusema hakuelewa. Siku ya shida, usimwulize rafiki yako kwa mbali ukaridhika na neno lake. Yule mnyamavu, yule mnayemwona ana nguvu, yule anayesema nenda kwa wengine, huyo msogelee. Mtazame. Na kama umesikia kitu kimepungua katika sauti yake, usipite.

Hadithi yangu imeishia hapo. Kama kuna mtu umemkumbuka wakati nasimulia, usingoje niimalize mara ya pili. Inuka uende kwake.