Mbeleko Tatu, Mgongo Mmoja

Hapo zamani, na sisemi zamani ya mazimwi, nasema zamani hii ya juzi ambayo wengine wenu mlikuwepo na mkatukana kwa midomo yenu, palikuwa na hospitali mlimani Lupando. Mtu asinikatize. Nikimaliza mtasema mpaka mchoke.

Hospitali ile ilitunza habari za wagonjwa kwenye mafaili. Panya walikula mafaili, mvua ikalowesha mafaili, mafaili yakapotea. Ukienda na mguu wako unaouma unaulizwa, "Faili liko wapi?" Haliko. Basi damu upya, mkojo upya, picha upya, na kila upya una bei yake.

Atuganile, mke wa mchuma chai, alijifungua hapo mtoto wa kwanza kwa kupasuliwa. Vipimo vyote vya kliniki vikarudiwa. Akachomwa sindano ya penisilini, akavimba uso hata mumewe akamuuliza nesi, "Mke wangu mmempeleka wapi?" Uvimbe ule ukatibiwa, na uvimbe ule ukalipiwa! Alipopona hakuruhusiwa kutoka kabla deni halijalipwa. Alifagia wodi kama kijakazi mpaka mume alipouza shamba la migomba.

Akaja mganga mkuu mpya, Daktari Lusajo. Zikapatikana fedha za msaada, watu wakaitwa mkutanoni. Wote wakasema, "Gari la wagonjwa!" Daktari akasema, "Kompyuta."

"Kompyuta itambeba mgonjwa?"

"Kompyuta itamzalisha mke wangu?"

Wakambandika jina, Daktari Luninga. Hakurudi nyuma. Kompyuta zikaja, na sola zake juu ya paa.

Bei zikashuka? Thubutu! Zikapanda. Mwaka ule wa kwanza habari ya mgonjwa iliandikwa kwa kalamu, ikaandikwa tena kwa mashine, na fundi wa mashine alitoka mjini na posho yake. Nani alilipa? Mgonjwa.

Bi Lugano, mkulima wa viazi, alikuwa na presha. Kila kliniki ada mpya. Akauza nguruwe wake, tena nguruwe mwenye mimba. Fedha ya nguruwe ilipokwisha, akaanza kuruka kliniki. Siku moja yuko shambani, jembe likamponyoka. Mkono wa kushoto ukalala, na mpaka leo umelala.

Sasa sikilizeni kosa la watu wa Lupando. Kwenye mafaili, mwanamke aliandikwa jina lake na kazi ya mumewe, basi. "Atuganile, mke wa mchuma chai." Mlima mzima unachuma chai! Na akina Atuganile wamejaa kama sisimizi! Karani Subilaga alipohamishia habari zile kwenye mashine akaona mambo yamechanganyika: huyu ana kovu la yule, yule ana presha ya huyu. Likizo yake hakwenda kwao. Alikaa gulioni kati ya mafungu ya ndizi, akiita, "Atuganile aliyevimba uso kwa sindano ni yupi?"

Wanawake wakamcheka. "Sote tumevimba, mwanangu! Ada zenu zimetuvimbisha!"

Hakuondoka. Akampata Atuganile wetu. Kumbe habari ya penisilini yake ilikuwa imeandikwa kwa Atuganile mwingine kabisa. Akaisahihisha.

Mimba ya pili ikaja. Siku moja Atuganile akatokwa na damu nyingi, mume akamfikisha hospitali kwenye trela la chai. Nesi akafungua mashine. "Huyu alishapasuliwa. Penisilini asiguswe nayo. Vipimo vya kliniki hivi hapa. Mwingizeni!" Wakamwingiza chumba cha upasuaji moja kwa moja. Mama mzima, mtoto mzima.

Bili ikatoka. Mume akaisoma, akairudisha dirishani.

"Dada, umesahau kurasa nyingine."

"Hakuna nyingine, baba. Ndiyo hiyo."

Akakaa chini sakafuni, akacheka na kulia pamoja. Siku aliyopona mama ndiyo siku aliyotoka, na hakushika ufagio.

Shukrani zikamzidi Atuganile. Alipomwona daktari akamshika mikono, "Mtoto huyu nitampa jina lako." Alipomwona karani, maneno yale yale. Kwenye benchi la kliniki akamkuta Bi Lugano, akasikia habari ya nguruwe, akabubujikwa, "Mama, mtoto huyu nitampa jina lako." Kila mara alisema kweli ya moyo wake.

Na desturi ya Lupando ni hii: anayepewa jina ndiye huleta mbeleko ya kwanza, akamfunga mtoto mgongoni kwa mama. Jina likishafungwa halifunguliwi.

Siku ya jina ikafika. Zikaja mbeleko tatu.

Daktari akasema, "Mlitaka gari. Ningetaka kupendwa, ningenunua gari. Nilikubali kutukanwa, na leo hakuna anayepimwa mara mbili. Bila uamuzi wangu hakuna mashine."

Subilaga akasema, "Mashine yako, Daktari, ilikuwa na uongo ndani. Ingemchoma sindano ya mwenzake. Mimi ndiye niliyeitia ukweli, nikichekwa kati ya ndizi."

Bi Lugano akatandaza kitenge magotini kwa mkono mmoja. "Wanangu, wewe uliamua, na mshahara ulipata. Wewe uliandika, na mshahara ulipata. Mashine ile ina nguruwe wangu ndani yake, na watoto wake wote. Ina mkono wangu. Sikuulizwa kama nataka. Lakini sina kinyongo. Nikimwona mama huyu anatoka na mwanawe bila kufungiwa, nasema asante Mungu, nguruwe wangu hakuliwa bure."

Daktari akainamisha kichwa. "Ada ile niliipanga mimi, mama."

"Najua. Sogea, nisimame."

Atuganile alikuwa ameshainama, mtoto mgongoni, mume amemshikilia asiteleze. Machozi yanamdondoka, mgongo unauma, mtoto anaanza kulia. Wote watatu amewaahidi, wote watatu anawapenda, na mgongo anao mmoja.

"Jamani," akasema bila kuinua uso, "fungeni basi, mtoto ataanguka!"

Haya, ninyi mliotukana na ninyi mliotibiwa, semeni bila kuzunguka: mbeleko ya nani ifungwe?