Barua Moja Kati ya Elfu Tisa

Hapo zamani, si zile za wanyama kusema, ni za juzi tu barua zilipokwisha kuacha bahasha na kupanda waya, palikuwa na hospitali ya misheni milimani Upareni. Barua zote za zahanati za juu zilipitia kwenye mtambo wake wa kompyuta, na mtunza mtambo alikuwa Kundaeli.

Ijumaa moja akaingia muuguzi Ndeonansia, viatu vimejaa matope. Alikuwa ameshuka mlima mwendo wa saa tatu. Majibu ya damu ya Namkunda, mjamzito wake wa mwezi wa tisa, hayajafika. Hospitali ya rufaa inasema iliyatuma, na daktari aliyeyaandika amesafiri. "Kaka Kundaeli," alisema, "sikai mpaka uniambie barua yangu iko wapi."

Kundaeli akaandika amri ya kutazama foleni ya barua zinazongoja kupita. Kioo cheusi kikamwaga mistari, ikapanda, ikapanda, ikapanda. Chini kabisa: barua elfu tisa zimekwama. Kumbe kompyuta mojawapo ya ofisini ilikuwa inatema barua za ulaghai. Na yeye, ambaye desturi yake ni kuitazama foleni kila asubuhi kabla ya sala, wiki ile ya mashindano ya kwaya hakuitazama siku nne. Hilo hakumwambia mtu.

Mkuu wake akaja, akaamuru zifutwe zote, na mwenye kompyuta ile ajitaje, aondoke kazini. Ndipo karani Mbazi, mjane mwenye watoto shuleni, akasema polepole, "Ni yangu. Nilifungua barua ya zawadi." Akaenda mwenyewe, akang'oa waya wa kompyuta yake. Foleni ikaacha kukua.

Lakini kufuta, Kundaeli alikataa. "Mzee, nifukuze nikishamaliza." Akazizuia za ulaghai zisitembee, akapekua zilizobaki jina kwa jina, hata akaiona: Namkunda asizalie zahanati, damu yake ni adimu, afikishwe mjini kabla ya Jumapili. Akaandika amri nyingine, mstari mmoja tu, na barua ikatoka kati ya elfu tisa kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Kundaeli akavua kofia. Ndeonansia akaisoma, akarudi mlimani kumchukua Namkunda.

Namkunda akajifungua mjini, akaongezwa damu, akapona. Akarudi na mtoto mgongoni, akitaka kumpa jina la aliyewaokoa.

Mbazi akasema apewe la Ndeonansia, maana bila miguu yake nani angeitazama foleni? Ndeonansia akasema apewe la Mbazi, aliyekuwa tayari wanawe wakose ugali ili foleni isizidi kujaa. Kisha wote wawili wakamgeukia Kundaeli, wakisema kwamba mkono ulioitoa barua ni wake.

Kundaeli akainama. "Foleni ile niliiacha mimi siku nne," alisema. "Na Mama Mbazi alipojitaja, mimi nilinyamaza."

Namkunda akawatazama watatu hao, mmoja mmoja, akamhamishia mtoto kifuani. Mpaka leo anamwita Mwanangu tu.

Haya, nyinyi mliosikia, mmoja alitembea, mmoja aliungama mapema, mmoja alitafuta akaungama akiwa amechelewa. Je, mtoto apewe jina la nani?