Nguchiro na Kiti cha Mgeni Rasmi

Niseme nisiseme?

— Sema!

Nikisema mtasikia?

— Masikio tumekuja nayo!

Mtakaa mpaka mwisho, au mtakimbilia hadithi za Bi Chausiku, maana kwake mnagawiwa kashata?

— Tupo hapa!

Haya. Kashata zenyewe ni sukari tupu, karanga za kutafuta kwa tochi, lakini tuyaache hayo.

Palikuwa na chuo kidogo cha wananchi huko Bonde la Matete. Wanyama walijifunza ushonaji, useremala na kufuga nyuki. Mkuu wa chuo alikuwa Korongo, ndege wa miguu mirefu na maneno machache. Kila mwanachuo, mkubwa kwa mdogo, alilipa ada ya michezo: debe la mahindi kila muhula. Kindi alilipa debe. Panya Buku alilipa debe. Kware, ambaye mwili wake wote haujazi kikombe, naye alilipa debe lile lile. Mahindi yakaingia ghalani, na ufunguo wa ghala akauvaa shingoni mwalimu wa michezo. Nani huyo? Kiboko!

Kiboko alipenda mpira wa miguu tu, maana golikipa alikuwa yeye mwenyewe. Mnacheka nini? Akisimama golini, goli halionekani. Basi mahindi yakatoka, yakawa jezi za mpira. Yakatoka, yakawa viatu vya mpira. Yakatoka, yakawa basi la kukodi la timu ya mpira. Na jioni Kiboko na wachezaji wake, Nyati na Ngiri, walikaa wakila ugali na maharage ya nazi, nyam, nyam, nyam, mpaka ukoko wakaugombania.

Na timu ya mbio je? Ilikuwa ya wadogo: Nguchiro, Kindi, Panya Buku na Kware. Walikimbia mbio za kupokezana kijiti, na kijiti chao kilikuwa kipande cha muhogo. Siku moja walikimbia na njaa, Kware alipokipokea kimebaki cha kushika kwa kucha. Kila aliyekibeba alikuwa amekimega.

Nguchiro ndiye aliyekuwa kiongozi wao. Jioni hiyo alikaa nyuma ya jiko la chuo, akasikia nyam, nyam, nyam, akanusa nazi. Wivu ukamshika, kwachu! Wivu, jamani, unakaa hapa kooni kama mwiba wa samaki. Alimwonea wivu Nyati kwa viatu vyake. Alimwonea wivu Ngiri kwa jezi yake. Alimwonea wivu hata Kiboko kwa mbweu zake.

Mara Korongo akatangaza: "Jumamosi ni siku ya michezo hapa chuoni. Jumapili timu zinasafiri kwenda mashindano. Timu isiyo na nauli nitaifuta, na wachezaji wake watakuwa washangiliaji wa timu ya mpira."

Wadogo wakatazamana. Wafutwe, halafu wamshangilie Kiboko! Kware akaanza kulia.

Nguchiro akaenda kwa Kiboko.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Sema upesi, nakula."

"Tunaomba nauli, Mwalimu. Ada tumelipa."

"Nauli ya nini? Si mnajua kukimbia? Kimbieni mpaka huko huko! Mwizi anakimbia kila siku, nani anamlipia nauli?"

Nyati akacheka. Ngiri akacheka. Nguchiro akasema, "Ahsante, Mwalimu," akaondoka na wivu wake.

Siku ya pili akachukua kiti kikubwa kwa mafundi seremala, akakitandika kitambaa chekundu, akakiweka mbele ya uwanja. Kiboko akapita, puu, puu, puu.

"Kiti cha nani hiki?"

"Cha mgeni rasmi, Mwalimu. Kifaru."

"Kifaru!" Wivu ukamshika Kiboko, kwachu! Akaenda zake, puu, puu, puu.

Siku ya tatu Nguchiro akasuka shada la maua. Kiboko akapita, puu, puu, puu.

"Shada la nani hili?"

"La mgeni rasmi, Mwalimu. Kifaru."

"Yule mwenye pembe puani!" Kwachu! Akaenda zake.

Siku ya nne wadogo wakawa wanajifunza wimbo: Mgeni wetu karibu, mkubwa kuliko wote! Kiboko akaja mbio.

"Wimbo wa nani huo?"

"Wa mgeni rasmi, Mwalimu. Kifa…"

"Mkubwa kuliko wote? Nani kampima? Mgeni rasmi ni mimi!"

"Lakini Mwalimu, wewe si mwenyeji?"

"Nitakuwa mgeni!"

"Na mgeni rasmi ana kazi yake, Mwalimu."

"Naijua. Kukaa!"

Na Kifaru mwenyewe? Alikuwa kwake, anajigaragaza matopeni. Hakualikwa, hakuambiwa, hakuota.

Jumamosi Kiboko akakaa. Kiti kikalia, kwaa! Akavishwa shada. Akaimbiwa. Mimi nasimulia miaka yote hii sijavishwa hata majani ya kunde, halafu Kiboko, kwa kukaa tu! Basi.

Michezo ikaisha, Korongo akasimama. "Sasa mgeni rasmi atatuunga mkono."

Desturi mnaijua. Ukishavishwa na kuimbiwa, unatoa kitu, tena mbele ya watu. Kiboko akapepesa macho.

"Ahsanteni kwa kunialika," akasema.

Wote wakamtazama mikononi.

Nguchiro akamnong'oneza, "Kifaru angetoa madebe matatu."

"Natoa manne!" Makofi: pwa! pwa! pwa!

"Kifaru angetoa na basi."

"Natoa na basi!" Pwa! pwa! pwa!

"Kifaru asingehesabu madebe, Mwalimu. Angetoa ufunguo."

Kiboko akainuka, kiti kimemng'ang'ania nyuma. Akauvua ufunguo shingoni. "Nani mkubwa kuliko wote?"

"Wewe!"

"Siwasikii!"

"Weweee!"

Akaurusha. Nguchiro akaudaka hewani, nyaku! Korongo akapuliza filimbi, maana ahadi ya mgeni rasmi hairudishwi. Wadogo wakapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Walikuwa wanamshukuru kwa mahindi waliyoyalipa wao wenyewe, naye akawapungia mkono huku machozi ya furaha yanamtoka.

Jumapili wakasafiri kwa basi. Wakawa wa mwisho. Wa mwisho kabisa! Walikuwa wameshiba mno, hata Kware alikimbia ameshika tumbo. Lakini timu haikufutwa.

Na waliporudi, Nguchiro akapika ugali na maharage ya nazi. Wangeweza kula popote: jikoni, uwanjani, darasani. Nguchiro akasema hapana. Akaibeba sufuria mwenyewe, akaitua mlangoni kwa Kiboko, akafunua mfuniko taratibu. Wakala pale pale, nyam, nyam, nyam, na kila jicho la Kiboko lilipoonekana dirishani, ugali ukazidi kuwa mtamu.

Sasa fundisho, maana msiporudi na fundisho mama zenu watasema nimewapotezea muda. Fundisho ni hili: wivu ni tabia mbaya, haumpatii mtu chochote. Ridhikeni na mlicho nacho. Atakayewaambia Nguchiro alipata ghala zima kwa wivu, mwambieni hakusikiliza vizuri.

Hadithi nimeitua. Nani anaibeba?

— Sisi!

Ibebeni. Kipande kikubwa nimeshakimega, ni changu.