Paka wa Kizingitini

Hebu acheni kumfukuza huyo paka, wanangu. Tangu tuanze kuchambua mchicha huu mmemfungulia mlango mara tatu. Ametoka, amerudi, na sasa analia tena atoke. Mnasema hana adabu. Endeleeni kuchambua niwaeleze, maana zamani hakuwa hivi.

Wakati mlima wetu ulipokuwa na nyumba saba tu, paka alikuwa mtulivu kuliko wanyama wote. Aliishi msituni, akala alichokamata, akalala. Hakuwa na mlango wa kulilia.

Watu wa nyumba zile saba walikuwa na mwiko mmoja: damu isivuke kizingiti. Mwaka fulani watoto wao waliugua, wazee wakaapa kuacha nyama, na watoto wakapona. Tangu hapo walikula mtama, kunde, maboga na mboga za majani, na walipanda mlima bila kutweta. Aliyevunja mwiko alikunjiwa mkeka wake akahama, na jina lake halikutajwa tena.

Mjane mmoja, Naetwe, alimwokota mtoto wa paka katika shamba la mtama, amelowa, mama yake hayupo. Akamfunga katika upande wa khanga akampeleka nyumbani. Kwa desturi yao, anayelala ndani hula cha ndani. Basi Naetwe alimpondea kunde, akamtilia mafuta ya ufuta, akampa kwa kidole. Paka alikula, kwa kuwa alimpenda mwenye kidole.

Miezi ya kwanza alinenepa. Kisha utulivu ukamtoka. Akawa anazunguka jiko, anakwenda ukutani, anarudi, ananusa chungu na kukiacha. Alitafuta kitu asichokijua. Naetwe naye hakupata usingizi. Alimsikia akitembea, akitembea. Akaongeza kunde. Akaongeza boga. Hatimaye paka akaanza kujigonga kwenye mafiga, macho yake wazi lakini hayaoni vizuri. Akikimbia hatua tatu alilala chini, na moyo wake ulidunda mbio chini ya kiganja cha Naetwe, ukasita, ukadunda tena.

Mlinzi wa mwiko alikuwa Mbonea, ndugu wa marehemu mume wa Naetwe. Alikuja, akamtazama paka, akatikisa kichwa.

"Huyu amekula nyama kwa siri, ndiyo maana anaadhibiwa," alisema. "Mnyime chakula siku mbili atakate."

Hilo ndilo kosa walilozoea watu wale: kila ugonjwa waliutibu kwa kupunguza. Naetwe alitii. Siku ya pili paka hakuweza kusimama.

"Shemeji, anakufa," Naetwe alimwambia.

"Kwa kunde? Mimi ninakula kunde tangu utotoni. Nitazame!"

"Na mbuzi wako anakula majani makavu, ananona. Mbona wewe huyali?"

"Ulimi wako huo, shemeji! Mimi si mbuzi."

"Na huyu si wewe."

Mbonea aliondoka. Naetwe alibaki anahangaika, anakaa, anasimama. Akimwacha paka, atamzika kesho. Akimlisha damu, atakunjiwa mkeka, na katika mlima ule hakuwa na pengine pa kwenda.

Nje ya mlango palikuwa na mtungi, na ndani yake panya alikuwa amezama. Naetwe aliketi kizingitini, miguu yake ndani, akamlaza paka nje. Akamtoa panya kwa jani la mgomba, akamweka mbele yake. Paka alinusa. Mwili wake wote ukatetemeka, kama mtu aliyesikia lugha ya kwao. Akala. Kesho yake Naetwe alimsogeza hadi kwenye shimo la panya nje ya ghala. Akafanya hivyo kila siku, huku akigeuka kila aliposikia nyayo.

Nyayo zikaja. Mbonea alimkuta paka amesimama, anamfuata nzi kwa macho, na mkia wa panya miguuni pake.

Wazee waliitana, na mkeka wa Naetwe ukaletwa uani. Yeye akasema, "Damu haikuvuka kizingiti. Tumbo la kila kiumbe lina mafundi wake. La ng'ombe linajua kugeuza nyasi kuwa maziwa. Letu linajua kugeuza kunde kuwa nguvu. La paka halina fundi wa kujenga jicho kwa jani. Lazima lipate jicho lililokwisha kujengwa. Mwiko tuliapa sisi. Yeye hakuapa."

Mbonea aliinama, akaukunjua mkeka kwa mkono wake mwenyewe. "Basi chakula chake kiwe nje," alisema, "na kila anachokamata akionyeshe kizingitini, tujue kwamba hafichi anachokula. Usingizi wake uwe ndani, kwako."

Paka alikubali. Lakini tazameni alivyogawanywa: tumbo lake nje, moyo wake ndani.

Na tangu siku hiyo, paka akiwa ndani hulilia nje, akiwa nje hulilia ndani. Akikamata panya humlaza mlangoni, nanyi mnapiga kelele, kumbe anatimiza ahadi. Na anayetaka mnyama wa kula mchicha na afuge sungura.

Haya, mfungulieni. Mara ya nne, ndiyo. Na msiurudishe mlango wote. Acheni upenyo wa kichwa chake.