Miguu ya Bibi Harusi

Nianze kwa kukiri kosa, maana nisipolisema mwenyewe watalisema wengine, nao wataliongeza chumvi. Mimi ndiye niliyeichoma miguu ya bibi harusi. Niliichoma siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, kwenye jiko la mkaa. Niliipepea kwa mkono wangu mpaka ikashika moto vizuri, na kwa muda wa robo saa hivi nilikuwa nimeridhika kabisa na kazi yangu.

Msinikimbie. Ilikuwa miguu ya mti.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Maana yake ni kwamba chombo kikiharibika ufundi haufi nacho, maadamu kichwa kipo na mikono ipo. Nilipokuwa shuleni niliulizwa methali hii kwenye mtihani, nikaieleza nusu ukurasa, nikapata alama zote. Lakini kuijua methali kwa kalamu ni jambo moja, na kusimama mbele ya fundi uliyemvunjia koleo lake ni jambo jingine.

Fundi mwenyewe ni dada yangu mkubwa. Anashona viatu, na mtaani wanamwita Mama Soli. Karakana yake ni chumba kimoja kinachotazama barabara: meza ndefu chini ya dirisha, visu vitatu vilivyopangwa kwa ukubwa kama watoto wa familia moja, mabunda ya ngozi ukutani, na harufu ya gundi inayokuandama mpaka kitandani. Kiti, nyundo na wateja alirithi kwa baba yetu, aliyefariki miaka miwili iliyopita. Juu ya mlango, kwenye msumari, linaning'inia koleo bovu la kuvutia ngozi, mkono mmoja umekatika. Baba alilitundika hapo siku lilipokatika. Aliyemuuliza kwa nini halitupi alijibiwa, "Liache lisikilize wenzake wakifanya kazi."

Wiki ile nilikuwa nimekuja kwa ajili ya harusi ya binti wa marehemu kaka yetu. Binti huyu ni mwalimu. Alizaliwa na mguu wa kushoto mfupi kuliko wa kulia, na unyayo wake ni mdogo, vidole vimeegemeana upande mmoja kama watu wanaosinzia kwenye benchi. Kiatu cha dukani hakijawahi kumkubali hata siku moja. Tangu utotoni alivaa viatu alivyoshonewa na babu yake, na babu alipofariki akashonewa na shangazi yake. Alizoea kuingia ukumbini kabla watu hawajafika ili awahi kiti. Katika kila picha aliyopigwa, yuko amekaa.

Alipochumbiwa, alimwomba dada yangu jambo moja tu. "Shangazi," alisema, "siku hiyo nataka nitembee mwenyewe, kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti changu, bila kushikwa mkono. Na watu wote wawe wameshakaa, wananitazama."

Dada akamwambia kwamba hiyo ndiyo itakayokuwa zawadi yake: viatu vyeupe vya kushonwa kwa mkono, na asithubutu kuleta hata uzi.

Sasa, kiatu cha mkono hakishonwi hewani. Hushonwa juu ya kalibu, yaani mguu wa mti uliochongwa ufanane na mguu wa mtu. Kalibu za binti yetu baba alizichonga kwa miezi miwili. Alikuwa akichonga, akimpima, akipunguza, akibandika kipande cha ngozi hapa na kingine pale, mpaka mti ukawa ndugu yake pacha. Moja ilikuwa ndogo, moja kubwa. Moja ilikuwa laini, nyingine imejaa vinundu.

Mambo haya yote mimi sikuyajua, maana nilihama nyumbani mapema kwenda kusomea utunzaji wa bohari. Nina stashahada, nayo nimeiwekea fremu.

Jumanne ile dada alikwenda kununua uzi, akaniachia kazi ndogo ambayo hata paka angeiweza: niwashe jiko, nipashe moto kopo la gundi. Mkaa ulikuwa na unyevu, ukagoma. Nikatafuta vijiti vya kuuanzishia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nikainama, nikavuta sanduku lililokuwa chini ya meza. Ndani mlikuwa na miguu ya mti, miguu mitupu, imetobolewatobolewa na misumari. Hapo ndipo stashahada yangu ilipofanya kazi. Bohari lina kanuni zake: mali isiyolingana ni mali mbovu, na mali mbovu huteketezwa. Nikazipanga jozi zote kwa ukubwa, nikazifuta vumbi, nikabaki na mbili zisizofanana hata kwa kuombewa. Nikajisemea kwamba bila shaka mzee alizikosea, akaona haya kuzitupa. Zilikuwa kavu kama mfupa. Zikawaka kwa furaha.

Dada aliporudi alilisifu jiko kwanza, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Kisha akaliona sanduku.

"Umewashia nini?"

"Vile vibovu viwili," nikasema. "Hata havikulingana."

Akachutama mbele ya jiko. Kilichobaki ni kipande cha kisigino, chekundu kama pilipili iliyoiva. Ningependa anitukane, maana matusi ya dada mkubwa humwishia baada ya saa moja. Hakunitukana. Akaweka uzi wake mezani, akasema taratibu, "Havikuwa vibovu, mdogo wangu. Ndivyo alivyo."

Nilitamani ardhi inimeze na fremu yangu ya stashahada.

Harusi ilikuwa Jumamosi. Bibi harusi alikuwa anasimamia mitihani mji mwingine, na angefika Ijumaa jioni. Nikapendekeza tumpigie simu, ajipime miguu kwa futi, atutumie vipimo. Dada akanieleza, bila kuinua sauti, kwamba futi itasema urefu wa unyayo, lakini haitasema kidole cha tatu kinamwegemea nani.

Mchana akaja shemeji kula. Yeye ni fundi wa dari, mtu mwema, ila maneno humtoka kabla hayajaiva. Aliposikia mkasa alitafuna kwanza, kisha akatoa wazo kwamba bibi harusi anaweza kuingia akiwa amekaa. Tungembeba na kiti chake, wanaume wanne, ingependeza. Dada alimtazama mpaka kijiko kikarudi kwenye sahani chenyewe.

Ndipo macho yake yalipopanda juu ya mlango, kwenye lile koleo bovu, yakakaa hapo kitambo, yakahamia msumari wa pili. Hapo palining'inia viatu vyeusi vya bibi harusi, vya kazini, alivyoviacha likizo iliyopita vibadilishwe soli. Vilikuwa vimechakaa, vimejikunja, vimeachama kama vinataka kusema jambo. Ndivyo vilivyokuwa viatu vya mwisho ambavyo baba alishona kabla mikono yake haijaanza kutetemeka.

Dada akavishusha. Akaingiza mkono ndani ya kile cha kushoto, akafumba macho, akapapasa.

"Kiatu kikizeeka huujua mguu kuliko mwenye mguu," akasema. Kisha akamgeukia mumewe. "Ile jipsamu yako ya dari la jirani, ni mifuko mingapi?"

Shemeji akasema ni mitatu, na kwamba jirani ameshalipia. Dada akasema jirani ana paa, dari linaweza kusubiri.

Tungeukoroga ule unga wa jipsamu kwa maji, tuumimine ndani ya viatu, tuuache ugande, nao ungetoka na umbo la miguu. Mimi nikapewa kazi ya kukoroga, kwa sababu, alisema shemeji, haihitaji kiberiti. Nikakoroga kwa makini ya mtu anayetafuta msamaha. Nikakoroga mno. Jipsamu ikagandia ndoo, na mwiko ukabaki umesimama katikati kama nguzo ya bendera. Shemeji akachukua ndoo ya pili, akaikoroga mara saba, akamimina. Mimi nikahamishiwa kwenye kiti kilicho mbali na kila kitu.

Kulipokucha Jumatano, jipsamu ilikuwa imegoma kutoka. Viatu viliikumbatia. Njia pekee ilikuwa kuvifungua. Dada akashika kisu, akakiweka. Akashika tena. Mshono ule wa nyuma ulikuwa wa baba. Uzi wake wa nta, fundo lake lile dogo alilolificha ndani ili lisimchubue mtoto. Mwishowe dada akakiacha kisu, akachukua sindano, akaufumua mshono tundu kwa tundu, akiuzungusha uzi kwenye kidole chake bila kuukata. Kazi hiyo ilimchukua asubuhi nzima. Saa sita, miguu miwili myeupe ilikuwa imesimama mezani, mmoja mdogo, mmoja mkubwa, vidole vimeegemeana vilevile.

Nikadhani tumeshavuka. Kumbe jipsamu na nyundo haviketi nyumba moja. Juu ya kalibu ya mti, fundi huvuta ngozi kwa koleo na kuishikiza kwa misumari. Msumari mmoja tu kwenye jipsamu, na mguu unapasuka. Dada alilijua hilo tangu mwanzo. Akailowesha ngozi nyeupe ya viatu vya harusi mpaka ikawa laini kama sikio la mtoto, akaivuta kwa vidole, akaifunga kwa kamba nyembamba mzunguko baada ya mzunguko, akaiacha ikauke. Kisha akashona kila kitu kwa sindano, pamoja na soli nene ya kushoto ya kufidia ufupi wa mguu, hata pale ambapo siku zote hutumia misumari. Alhamisi nzima sikusikia nyundo katika karakana ile. Wapita njia walichungulia dirishani kuuliza kama kuna mgonjwa.

Ijumaa jioni bibi harusi alifika na mkoba wake wa mitihani begani. Shangazi yake akamketisha, akamvalisha mwenyewe. Mimi nilisimama nyuma ya mlango, roho mkononi.

Akasimama. Akapiga hatua mbili, akarudi. Akakunja uso, nami nikaanza kuhesabu mabasi yaondokayo usiku.

"Shangazi, umefanya nini hapa?" akauliza, akigusa ubavu wa mguu wa kushoto.

"Panakubana?"

"Hapanibani. Na siku zote hapo pananibana. Miaka miwili sasa. Nilinyamaza kwa sababu kalibu ni za babu, sikutaka mtu aziguse."

Kumbe mguu wa mtu haukai kama ulivyochongwa. Wa kwake ulikuwa umepanuka kidogo, mti ukabaki palepale. Ila vile viatu vyeusi vilikuwa vimevaliwa kila siku, vikatanuka, vikauzoea mguu, na jipsamu ikayasoma yote. Nikatoka nyuma ya mlango. Nikaanza kusema kwamba kwa kweli, ukilitazama jambo hili kwa upande mwingine, aliyezichoma zile kalibu alikuwa kama ameona mbali. Dada akageuza shingo tu. Nikarudi nyuma ya mlango.

Jumamosi, bibi harusi alisubiri nje mpaka kiti cha mwisho kikapata mtu. Ndipo milango ikafunguliwa. Sikuangalia gauni, wala sikuangalia shada, nilisikiliza sakafu. Ko, ko. Ko, ko. Hatua zilizolingana, moja baada ya nyingine, polepole kwa sababu hakuwa na haraka ya kufika. Bwana harusi aliinuka nusu, mkono ukamtangulia, kisha akakumbuka, akakaa. Dada hakuinua macho yake juu ya vifundo vya miguu hata mara moja; midomo yake ilikuwa inacheza, nadhani alikuwa anahesabu mishono. Alipofika kwenye kiti, bibi harusi hakukaa. Aligeuka, akamwita mpiga picha, akapigwa picha amesimama.

Jumatatu nilifunga begi langu. Viatu vyeusi vilikuwa vimeshonwa tena kwa uzi uleule, vikarudi msumarini. Dada alikuwa mezani, miguu ya jipsamu mbele yake na gogo jipya mkononi, anachonga kalibu nyingine. Shemeji alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Gundi ilikuwa imeganda kwenye kopo, na jiko lilikuwa baridi, kwa maana tangu Jumanne kiberiti kilikuwa kinalala ndani ya mfuko wa aproni ya dada.

"Dada," nikasema, "naona gundi imeganda. Nipe kiberiti niwashe jiko kabla sijaondoka."

Shemeji akatazama ndani ya kikombe chake. Dada akapuliza vumbi la mti, akaendelea kuchonga. Nikaitazama ile aproni, nikalitazama lile koleo juu ya mlango, nikaomba tena, safari hii kwa adabu zote za mdogo mtu:

"Tafadhali, dada yangu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."