Gogo Kwenye Njia ya Bondeni

Huko milimani palikuwa na mhunzi, jina lake Kiangi, aliyefua majembe ya kijiji kizima pamoja na mdogo wake Mrutu. Majembe yao yalikuwa mazito, lakini mtu alilima nayo mpaka akamwachia mwanawe.

Kisha wachuuzi wakaanza kupanda kutoka bondeni na majembe mepesi, yanayong'aa, ya bei rahisi. Watu wakayakimbilia. Kiangi hakukaa akatulia tena: mara mlangoni, mara njiani, akitazama migongo ya wateja wake. Mwishowe akaenda barazani, akalia mbele ya mkuu wa kijiji. Mkuu akamwonea huruma, akaamuru gogo lilazwe njiani, mchuuzi yeyote asipite.

Watu wakamrudia Kiangi. Mwanzoni alishukuru; baadaye akazoea. Chuma akawa anakitoa motoni hakijaiva, mipini akaichomeka ovyo. Mrutu akamsihi washuke bondeni wakaone wenzao wanafuaje.

"Kwani watanunua wapi kwingine?" Kiangi akamjibu, akacheka.

Lakini usingizi ulimpaa, maana alijua anachowauzia watu.

Mvua za kupandia ziliponyesha, jembe la mkewe mwenyewe, Namkunda, lilivunjika shambani, kipande kikamchana mguu. Wanawake wakambeba mpaka barazani, damu ikichuruzika, wakalitupa jembe lile miguuni pa mkuu. Mkuu akaona haya, akaamuru gogo liondolewe saa ile ile. Kiangi akaomba apewe walau msimu mmoja ajirekebishe. Hakuna aliyemsikiliza.

Wachuuzi wakamiminika. Moto wa Kiangi ukazimika kabla mahindi hayajachanua. Mrutu akafunga nyundo zake, akashuka bondeni, akaajiriwa na wahunzi wa huko. Milimani watu walifurahia majembe yao mapya, wala hawakuuliza kwa nini kijiji kimekuwa kimya.

Msimu uliofuata majembe yale mepesi yalikuwa yamekwisha kulika, na wachuuzi waliona hakuna tena wa kushindana nao. Wakapandisha bei, hata jembe moja likauzwa kwa bei ya mbuzi mzima. Hapo watu wakaenda mbio kwa Kiangi, wakamwomba afue. Akawasha moto. Ile ilikuwa kazi ya watu wawili, mmoja ashike na mmoja agonge, na mkono wake ulikuwa umesahau. Akagonga, chuma kikapasuka. Akatia kingine motoni, nacho kikapasuka. Mvua ikawa inanyesha juu ya mashamba yasiyolimwa, na wao wamesimama pale wakilaumiana, huyu akimlaumu aliyeliweka gogo, yule akimlaumu aliyeliondoa.

Nanyi mnaogombana kila siku kama njia ifungwe au ifunguliwe, ni nani kati yenu aliyewahi kuingia kwa mhunzi akatazama anafua nini?