Injini Haisifiwi Ingali Moto

Injini haisifiwi ingali moto. Mmeyasikia maneno haya leo mchana kwenye mkutano wa ushirika, pale mgombea wa uenyekiti alipomaliza kugawa soda, na bibi mmoja wa safu ya nyuma akayatamka bila hata kusimama. Mmecheka, kisha mmekuja kuniuliza yametoka wapi. Wapo watakaowaambia kwamba kila methali imetoka kwa wahenga. Mimi sijawahi kukutana na mhenga. Aliyeitunga hii namfahamu: ni dada yangu Meritha, na asubuhi ya siku alipoitunga nilikuwa nyuma ya gari, nikisukuma. Ilianza hivi.

Shemeji yangu Yeremia Nyagawa, mume wa Meritha, ni mkulima wa viazi hapa hapa Njombe. Binti yao Ezelina alikuwa anaolewa mwezi wa saba, mwezi ambao kwetu majani huamka yakiwa meupe kwa umande ulioganda. Katika kikao cha harusi, mbele ya wakwe, Yeremia alitamka kwamba binti yake hatakwenda kanisani kwa gari la kuazima. Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Tangu siku hiyo akawa anatafuta gari la familia, la dizeli, lenye mlango wa kuteleza na viti vya kuwatosha yeye, wanawe na mama mkwe wake, yaani mama yangu, ambaye miguu ilikuwa imekwisha kumchoka. Mchungaji naye alikuwa ameonya: siku hiyo alikuwa na ndoa nyingine baada ya ya kwetu, na bibi harusi ambaye hatakuwa mlangoni saa tatu asubuhi atarudi mwezi wa nane, akiwa bado mchumba.

Gari lilipatikana kwa mzee Oden Mlowe wa kijiji cha jirani, ikiwa imesalia siku moja tu kabla ya harusi. Tulikwenda watatu: Yeremia, Meritha na mimi. Tulilikuta uani likiwa limeshawashwa, linanguruma taratibu kama paka aliyeshiba.

Sasa, lazima mwelewe jambo moja la nyanda hizi zetu. Mgeni hakaribishwi penye baridi. Moto huwashwa kabla hajafika, na mwenye nyumba anayemwashia mgeni moto akiwa ameshaketi huhesabiwa kuwa hakumtaka. Mzee Oden alikuwa mtu wa adabu kamili.

"Karibuni," alisema. "Nimewapashia tangu asubuhi."

Yeremia aliweka mkono juu ya boneti. "Hii ni injini," akasema. "Hii ndiyo injini, mzee wangu. Sikiliza inavyoimba!"

Dada yangu alilizunguka gari mara moja. "Baba, mbona limewashwa kabla hatujafika?"

"Mama, ungefurahi nikukaribishe kwenye jiko lililozimika?"

Adabu haibishiwi. Meritha angeweza kuomba lizimwe lipoe, lakini mumewe alikuwa ameshalisifu, na kwetu kukikagua kitu ulichokwisha kukisifu ni sawa na kumwita mwenyeji mwongo. Tukanywa chai. Bei ikakubaliwa. Mzee Oden akaalikwa harusini, akaliendesha gari mwenyewe hadi kwa Yeremia, akalala pale.

Asubuhi uani kulikuwa kweupe. Ezelina alitoka ndani akiwa na shela, akaketi kiti cha katikati karibu na bibi yake. Wapambe wakabanana nyuma. Yeremia akaingia kwenye usukani akiwa na suti, akazungusha ufunguo.

Gari lilikohoa. Likatoa moshi mweupe, mzito, likanyamaza. Akazungusha tena. Likakohoa kidogo zaidi, kama mgonjwa anayewaridhisha waliokuja kumtazama.

Mzee Oden alikuwa amesimama kibarazani na kikombe cha uji. "Mmelipasha?" akauliza.

"Kulipasha vipi?"

"Karai la makaa chini ya injini, mapema, kabla ya kunawa uso. Mimi nafanya hivyo kila siku."

"Kila siku?" Yeremia alishuka garini. "Mzee, hukuniambia!"

"Nikuambie nini, mwanangu? Nikuambie pia kwamba ng'ombe hakamuliwi kwa mikono ya baridi? Nilidhani dizeli zote hupashwa."

Nilimtazama usoni nikitafuta hila. Kutafuta hila nyusoni mwa watu ni mazoea yangu ya siku nyingi. Haikuwepo. Kwa miaka yote aliyokuwa na gari lile aliliwekea makaa chini kama anavyoliwekea jiko, na hakuwahi kushuku kwamba ule ulikuwa ugonjwa.

Makaa yalikuwepo, lakini yote yalikuwa chini ya masufuria ya pilau. Yeremia alikwenda nyuma ya nyumba na karai tupu, akarudi nalo tupu. Mama mpishi mkuu alimfuata hadi uani, mwiko mkononi.

"Makaa ya pilau hayapiki gari!" alitangaza. "Mkitaka harusi bila chakula, semeni sasa hivi, nivue kanga yangu ya jikoni niende nyumbani kwangu."

"Na mkitaka chakula bila harusi?" Yeremia alimjibu, karai bado mkononi. "Mchungaji hatungoji, mama! Nimesema mbele ya wakwe!"

"Ndiyo, ulisema," dada yangu akamkumbusha. "Sasa vua koti, usukume."

Njia ya kutoka pale inateremka hadi barabara kuu, na huo ndio uliokuwa utajiri wetu pekee asubuhi ile. Wajomba wakavua makoti, na mimi nikavua langu. Mzee Oden, kwa kuwa ndiye aliyelijua, akashika usukani. Tulipoanza kusukuma, mlango ukateleza, na Ezelina akachungulia.

"Mjomba, mnanisukuma na mimi nimo ndani? Niteremke!"

"Kaa! Shela hilo!"

"Shela halina uzito, uzito ni mimi," akasema, akaruka chini, akalikusanya gauni lake kiunoni kama mwanamke anayevuka mto, akaja kusukuma karibu yangu. Wapambe nao wakashuka. Akabaki ndani mama yetu peke yake, ameketi wima kama malkia, akitupungia mkono kupitia kioo cha nyuma na kutuhimiza kwa maneno ambayo sitayarudia mbele yenu.

Gari likashika mwendo. Mzee Oden akaachia klachi, likaruka, likanguruma, na moshi ukatufunika sote. Kutoka ndani ya moshi ule vigelegele vilianza kabla hatujaonana. Nimesoma maelezo mengi kuhusu furaha, karibu yote ya watu waliokuwa wameketi. Siwaamini tena. Tulilikimbilia gari lile, maana halikuthubutu kusimama, tukaingia mmoja mmoja likitembea, na bibi harusi alivutwa ndani kwa mikono ya bibi yake.

Tulifika mchungaji akiwa ameshika saa yake mlangoni. Ezelina alikuwa na masizi shavuni. Bwana harusi, Lusungu, alimtazama, akalamba kidole gumba, akamfuta, akayahamishia masizi kwenye shati lake jeupe. Ndoa ikafungwa.

Jioni, kwenye sherehe, mjomba wa Lusungu alisimama kumsifu mpwa wake. Kijana mpole, kijana mchapakazi, kijana asiyejua hasira! Alipomaliza, dada yangu aliombwa ajibu kwa upande wetu. Alisimama na suti yake mpya yenye harufu ya dizeli.

"Wakwe zangu," alisema, "injini haisifiwi ingali moto."

Ukumbi mzima ulilipuka. Mzee Oden alicheka hadi akashikiliwa. Lusungu peke yake hakucheka; aliinamisha kichwa, kama mtu aliyepewa kazi.

Wiki iliyofuata fundi mmoja wa mjini alililaza gari kwake. Plagi za kupasha joto injini zilikuwa zimekufa zote, ndiyo maana likaomba makaa. Nozeli zilikuwa zinamwaga dizeli badala ya kuinyunyiza, na dizeli isiyoungua ndiyo ule moshi mweupe. Betri ilikuwa imechoka kwa kuwasha kisichowaka, na klachi ilikuwa inateleza. Yeremia alihesabu kila kitu kwa viazi: plagi gunia moja, betri magunia mawili, nozeli matatu, klachi manne.

"Na pampu ya dizeli?" aliuliza kwa woga.

"Hiyo, mzee, haina hesabu ya magunia," fundi alimjibu. "Hiyo ni shamba lenyewe. Shukuru ni nzima."

Mzee Oden aliposikia, alileta mkokoteni wa viazi bila kuombwa. "Heshima yangu imekula mavuno yenu," alisema, "acha nirudishe nusu." Gari likapona, na hadi leo linawaka asubuhi kama gari lolote.

Mwaka mmoja baadaye, mwezi wa saba tena, dada yangu alimwamsha mumewe alfajiri, wakanipitia, tukaenda kwa Ezelina bila kutoa taarifa. Gari tuliliacha mbali, barabarani, lisisikike. Umande ulikuwa umeganda. Tulimkuta Lusungu jikoni, blanketi mabegani, amepiga magoti akipuliza moto ambao haukutaka kuwaka, mtoto mchanga amelala mgongoni mwake. Alikuwa akimwimbia mtoto huyo wimbo mbaya kwa sauti mbaya zaidi, polepole, ili mkewe asiamke. Hakujua kwamba tulikuwa mlangoni.

Dada yangu alimsikiliza hadi ubeti ukaisha, pumzi yake ikitoka nyeupe. Kisha akamgeukia Yeremia.

"Sasa," akamnong'oneza, "msifu."

Kwa hiyo msinitajie wahenga, na huyo mgombea mwacheni soda ziishe. Injini haisifiwi ingali moto.